Damu Iliyohifadhiwa Baridini

Simu ya watu wa utafiti ilimkuta Hamira amefungiwa chumba cha ndani. Hakufungiwa kwa kufuli, alifungiwa kwa maneno mazuri. Kila siku saa nne asubuhi, wenye maduka walipoanza kuingia uani kuchukua mikate, wifi yake alimwambia, "Wifi, kapumzike kidogo, jua limeshakuwa kali," naye akainuka kwenye kigoda, akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda mpaka aliposikia geti limefungwa. Siku ya kwanza aliona ni huruma. Ilipofika siku ya tano, mawingu yametanda na bado anakimbizwa jua, akaelewa kwamba anafichwa. Aliingia ndani kama kawaida.

Jina la Hamira alipewa na mtaa, kwa sababu ya mikate yake iliyoumuka mpaka ikavuka kingo za mabati ya kuokea. Yeye ndiye aliyeianzisha kazi ile, akiwa na tanuri moja dogo lililotoa moshi mwingi kuliko mikate. Wifi yake, dada wa mumewe, alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, akamkuta unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, akakunja mikono ya blauzi, akaingia kazini bila kuulizwa. Walikuwa wa umri mmoja. Kwa miaka sita walikanda kwenye beseni moja, wakausengenya mtaa mzima, wakacheka mpaka mama mkwe akagonga ukuta. Sasa Hamira alikuwa katika wiki ya saba tangu akatwe titi la kushoto. Dripu za dawa ya kansa alikuwa amemaliza mbili, bado nne. Nywele zilikuwa zimekwisha, na mkono wa kushoto haukupanda juu ya bega, kwa hiyo hakukanda tena. Alikaa pembeni akitia mikate kwenye mifuko, na siku hizi hata hiyo aliikuta imeshatiwa.

Aliyepiga simu alijitambulisha kuwa nesi wa ule utafiti wa afya ya wanawake walio chini ya miaka hamsini. Hamira ilimchukua muda kukumbuka. Miaka minne nyuma, yeye na wifi walikwenda kutoa damu asubuhi moja, kwa sababu wifi alisikia kwamba huko wanapima na presha bure, na kwa sababu walitaka walau siku moja ya kutoka bila unga kwenye kucha. Nesi alisema kwamba kila baada ya muda huwapigia wote waliotoa damu na kuwauliza kama wamepata ugonjwa wowote. Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa hapana.

"Nimekatwa titi," Hamira alisema.

Hapo ndipo alipogundua kwamba maneno hayo alikuwa hajawahi kuyatamka. Nyumbani walisema "yale mambo", na mumewe alisema "ile operesheni", kama mtu anayezungumzia jambo lililompata jirani. Nesi akampa pole, wala hakuiharakisha ile pole. Kisha akamwomba, kama ana nguvu, afike ofisini siku moja watoe damu nyingine, na kama inawezekana aje na yule mwenzake waliyekuja pamoja.

Siku ya Jumapili, wote wakiwa mezani, Hamira akawaeleza. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa kutengeneza vyumba vya baridi vya mabucha, na kitu cha kwanza alichouliza ni kuhusu baridi.

"Hiyo damu wameihifadhi kwenye friza ya namna gani?"

"Nesi amesema nyuzi themanini chini ya sifuri."

"Basi hiyo si friza hizi zetu." Aliacha kutafuna, akawaza. "Miaka minne. Na umeme ukikatika?"

Tangu siku ya majibu, mumewe alikuwa mtu wa mashine tu. Alikuwa ametengeneza feni, pasi, bawaba za madirisha yote na redio ya jirani. Vilipokwisha vilivyoharibika akaanza kufungua vizima. Usiku alilala kwenye ukingo wake wa kitanda amejikunja, akiogopa, hivyo ndivyo alivyosema, kumgonga pale kwenye kidonda. Kidonda kilikuwa kimepona wiki ya nne. Hamira alimwambia. Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kulala ukingoni.

Mama mkwe alikuwa akimchambulia mjukuu wake nyama. Mtoto, msichana wa miaka saba, siku hizi alilala chumbani kwa bibi yake, ili mama yake apate kupumzika. Kikombe cha Hamira nacho kilikaa rafu ya peke yake, ili wengine wasiguse dawa yake, ingawa dawa aliyotiwa ilipitia mshipani na haikuwahi kugusa kikombe.

"Mimi niliuliza siku ile ile," mama mkwe alisema bila kuinua macho. "Damu ya mtu mzima, anayekula na kucheka, inakwenda kufanya nini ndani ya chupa? Hakuna aliyenijibu."

"Mama, tuliotoa ni wawili," Hamira alisema. "Aliyeugua ni mmoja."

Alisema hivyo kuitetea ile damu, lakini maneno yalipokwisha kutoka aliona yamemgeukia. Wifi yake aliweka kijiko chini.

"Mimi siendi," wifi alisema.

Mumewe Hamira akamuuliza kwa nini, kwani kuchomwa sindano mara moja kuna ubaya gani. Wifi alisema haendi tu. Walishachukua ya kwao, imetosha, na tena mikate haijioki. Alisema haraka haraka, akiangalia sahani.

"Mwache," mama mkwe alisema. "Mmoja ametosha."

Hakuna aliyekusudia kumuumiza. Hamira aliangalia uso wa yule mama, uso uliokuwa umekesha naye siku mbili wodini baada ya kukatwa, akaona hauna ubaya wowote. Aliinuka na kikombe chake, akaenda kukiosha, akakirudisha kwenye rafu yake.

Ofisi ya utafiti ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya hospitali. Hamira alipanda ngazi kwa vituo, mkono wa kulia ukishika ukuta. Mumewe alimshusha getini na pikipiki yake, akasema kuna bucha ambalo chumba cha baridi kimekufa na nyama inamwaga maji, akaondoka. Ndivyo alivyofanya siku zote za dripu. Kila mara kulikuwa na nyama inayomwaga maji mahali fulani.

Nesi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani yenye uzi shingoni. Alimpa kiti chenye mgongo, akaufunga mlango, na akamweleza upya yale waliyomweleza miaka minne nyuma na ambayo siku ile Hamira hakuyasikiliza, kwa kuwa wifi yake alikuwa akiogopa sindano na alikuwa amemkamata mkono mpaka ukafa ganzi.

"Damu inabeba vitu vingi vidogo," nesi alisema. "Ukila, mwili unavunja chakula, unachoma, unajenga, na kazi yote hiyo inaacha alama ndani ya damu. Mafuta ya aina hii, sukari ya aina ile, vipande vya protini. Vinaitwa metaboliti. Tunataka kujua kama damu ya mwanamke kijana atakayekuja kuugua kansa ya titi inatofautiana na ya yule asiyeugua, miaka kadhaa kabla uvimbe haujaonekana."

"Kwa hiyo mnasubiri mtu augue."

Nesi hakukimbilia kukanusha. "Tunasubiri muda upite. Wengi hawaugui. Wale wachache wanaougua, tunaitoa damu yao ya zamani kwenye friza. Kila mmoja tunamtafutia mwenzake ambaye hakuugua, wa umri wake, aliyetoa damu siku zile zile. Kisha zinapimwa pamoja."

"Huyo mwenzangu ni nani?"

"Hata mimi sijui. Kompyuta inachagua, na kwenye vichupa kuna namba tu, hakuna majina."

Hamira alikuwa ameshamjua mwenzake. Angekuwa nani mwingine, umri huo huo, asubuhi ile ile, foleni ile ile?

"Yangu mlikuwa hamjaipima," alisema.

"Bado. Ilikuwa mle pamoja na nyingine maelfu."

"Mngeipima siku ile ile, mngejua?"

Nesi alivua miwani, akaiacha ianguke kwenye uzi wake. "Natamani ningekujibu ndiyo au hapana. Siwezi. Tofauti tunazoziona ni za kundi kubwa la watu, na ni ndogo. Nyingine zinaonekana utafiti huu na hazionekani ule. Hakuna mtu leo anayeweza kuisoma damu ya mtu mmoja akasema, wewe utaugua, wewe hutaugua."

Hamira alikuwa amejiandaa kwa swali la mwisho tangu nyumbani, na sasa lilipofika mdomoni aliona aibu, kama mtoto anayeuliza kitu cha kijinga darasani.

"Ni mikate?" aliuliza. "Maana mimi ile iliyoungua na kuvunjika, ambayo haiuziki, nilikuwa naila mwenyewe. Kila siku. Lakini na wifi yangu alikula. Tunakula chungu kimoja, tunaamka pamoja, moshi wa tanuri tunavuta pamoja. Mimi nimezaa, nimenyonyesha miaka miwili, wanasema hiyo inasaidia. Yeye hajazaa. Sasa niambie, tofauti yetu ni ipi?"

"Hicho ndicho tunachokitafuta," nesi alisema. "Nikipata jibu nitakuja kwako kwa miguu. Lakini hukufanya kosa, mdogo wangu. Hilo nakwambia bila kupima kitu chochote."

Hamira aliinamisha kichwa, akajifanya anarekebisha kitambaa chake. Wiki saba alikuwa akiyangojea maneno hayo. Hakutegemea kuyapata kwa mtu baki, tena aliyekuwa akifungua pakiti ya sindano wakati anayasema.

Damu ilitolewa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto aliambiwa usichomwe tena maishani. Mishipa ilikuwa imejificha kwa sababu ya dripu, nesi akamchoma mara tatu, kila mara akiomba radhi. Walipomaliza, Hamira aliuliza kama anaweza kuiona hiyo friza. Nesi alisita kidogo, halafu akampeleka mpaka kwenye mlango wa kioo mwishoni mwa korido. Ndani kulikuwa na makabati meupe marefu, yakinguruma kwa sauti moja. Mumewe angekuwepo angesikiliza mngurumo ule na kusema lipi linakaribia kufa.

"Waliotoa siku moja wanakaa pamoja?" Hamira aliuliza.

"Mara nyingi huwa boksi moja."

Alisimama pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ndani ya kabati mojawapo kulikuwa na tone la mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mwenye matiti mawili na nywele kichwani, aliyetoka pale siku ile akicheka njia nzima kwa kuwa wifi yake alilia kabla sindano haijamgusa. Mwanamke yule hakuwa amekufa wala hakuwa amezeeka. Alikuwa baridini, ubavuni mwa wifi yake, na hakuna aliyemwambia akapumzike.

Nesi akamuuliza kama yule mwenzake atakuja siku nyingine.

"Ana kazi nyingi," Hamira alisema.

Kurudi alitembea, kwa sababu kichefuchefu kilimzuia kupanda chochote. Mitaa mitatu kabla ya kwao aliingia kwenye duka asilolijua, dogo na safi, lenye msichana nyuma ya meza. Aliomba maji. Alipokuwa akinywa, aliiona mikate kwenye rafu ya juu, na kabla hajaisogelea alijua imetoka wapi. Mmojawapo ulikuwa na kona iliyobonyea. Lile bati alilibonyeza yeye mwenyewe, mwaka wa kwanza, lilipomponyoka likaangukia jiwe.

Lakini mifuko haikuwa na alama yoyote. Karatasi ndogo ya kijani iliyoandikwa Mikate ya Hamira haikuwemo.

"Huu mkate unatoka wapi?" aliuliza.

Msichana aliangalia kitambaa cha kichwani, akaangalia uso uliofifia, akamchukulia kama mteja mwenye shaka. "Chukua tu dada yangu, usiwe na wasiwasi," alisema kwa upole. "Zamani alikuwa anaoka yule mama mgonjwa. Siku hizi anaoka mwingine, yule mwenyewe hata haugusi."

Hamira alilipa. Akashukuru. Akabeba mkate wake mwenyewe kwapani, upande wa kulia, mpaka nyumbani.

Wifi alikuwa peke yake jikoni, akipangusa meza. Hamira aliuweka mkate mbele yake. Wifi aliuangalia, akaangalia mfuko, na kitambaa alichoshika kikaacha kutembea.

"Zile karatasi zimekwisha?" Hamira aliuliza.

"Zipo."

Alisema hivyo akakaa. Kisha wifi alianza, kwa sauti ndogo, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Alisema maduka matano yalirudisha mikate wiki moja tu baada ya operesheni. Mwenye duka mmoja aliuliza kama inaambukiza, mwingine hakuuliza, aliacha kuja tu. Alimweleza kila mmoja kwamba kansa haiambukizi na kila mmoja akasema najua, najua, lakini wateja. Ndipo alipoziondoa karatasi.

"Ungeniambia," Hamira alisema.

"Ulikuwa umelala hapo unatapika kwenye ndoo. Nikwambie nini? Nikwambie watu wanaogopa mkono wako?"

"Ungeniambia, wifi."

"Halafu ungefanyaje?"

Kama wifi angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi. Lakini dripu ya kwanza na ya pili zilikuwa zimelipiwa kwa pesa ya mikate ile isiyo na jina, na zilizobaki zingetoka huko huko. Aliondoka pale mezani akaenda kulala mchana kweupe, na kesho yake saa nne aliingia ndani kabla hajaambiwa.

Siku tisa baadaye, alasiri, mama mkwe alipokuwa amekwenda kumchukua mtoto shuleni, wifi aliingia chumbani kwa Hamira bila kubisha. Akafunga mlango, akazungusha ufunguo. Hamira aliyekuwa ameegemea mto alidhani kuna habari ya msiba.

"Nimeona kitu," wifi alisema.

"Kitu gani?"

Wifi aliweka mkono chini ya kwapa la kulia, akautoa haraka kana kwamba pameungua. "Hapa. Nadhani. Leo nakiona, kesho sikioni. Wiki ya nne sasa."

Hamira alihesabu nyuma bila kutaka. Ilikuwa kabla ya ile simu. Ilikuwa kabla ya ile Jumapili mezani.

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Wewe nilikuwa hata kukuangalia siwezi. Kila nikikuangalia naona..." Hakumaliza. "Na mama alishasema mmoja ametosha."

Basi haikuwa jua tu, wala wenye maduka tu. Hamira aliyapanga upya yale majuma kichwani, mikate aliyoikuta imeshatiwa mifukoni, macho yaliyomkwepa, akaona kwamba wakati wote ule yeye alidhani wifi anamwogopa, na kumbe wifi alikuwa akijiogopa mwenyewe.

"Hebu nishike," wifi alisema. "Wewe unajua kinavyokuwa."

Alivua blauzi, akalala kitandani, akageuza uso ukutani. Hamira aliketi pembeni yake. Alifanya kama daktari alivyomfanyia yeye, vidole vitatu vilivyolazwa, akizunguka polepole kutoka nje kuja ndani. Vilikuwa vidole vya mtu aliyekanda unga nusu ya maisha yake, vinavyokuta chembe ya chumvi isiyoyeyuka ndani ya beseni zima. Wiki nyingi vilikuwa havijamgusa mtu. Ngozi ya wifi ilikuwa na joto.

Na hapo, vidole vikiwa kazini, Hamira alijikuta anatafuta kwa bidii iliyopita kiasi. Alitaka kukuta. Kwa pumzi moja, labda mbili, alitaka kidole chake kigonge kitu kigumu kama jiwe, ili wawe wawili, ili kwenye rafu ile kuwe na vikombe viwili, ili mtu mmoja ndani ya nyumba hii ajue. Lilikuwa wazo kamili, halikuwa na ukungu wowote, na lilikuwa lake. Alitoa mikono upesi. Alisema ni ya baridi, akaisugua pamoja, akaendelea kuisugua hata ilipokwisha kupata moto. Kisha akaanza upya, mwanzo kabisa, na safari hii alimtafutia wifi yake.

Alikikuta karibu na kwapa. Kilikuwa kama harage, laini, kikateleza chini ya kidole na kwenda upande wa pili.

"Kipo," alisema. "Kinateleza. Changu hakikuteleza, kilikuwa kimeshika kama mzizi. Lakini mimi ni muoka mikate, wifi, si daktari. Kesho tunakwenda."

Wifi aligeuza uso kutoka ukutani. "Tunakwenda?"

"Tunakwenda."

Hospitalini Hamira alikuwa anayajua yote. Alijua dirisha gani linafunguliwa kwanza, na kwamba yule karani wa kulia ana ulimi mkali lakini faili hapotezi, na kwamba chumba cha kipimo kina ubaridi wa feni hivyo mtu abebe khanga. Alimwongoza wifi yake kwenye korido zile alizozipita peke yake, akimwambia hapa tunasubiri, hapa unavua, hapa usijibu mpaka uitwe mara ya pili. Watu waliowaona walidhani anayeumwa ni Hamira, na kila karani alimnyooshea yeye kiti. Kila mara alisema, "Ni huyu," na kila mara wifi alisinyaa kidogo.

Walipomwita wifi ndani, alimwachia Hamira mkoba wake. Alikaa huko muda wa kutosha tanuri kupata moto na kupoa. Alipotoka, uso wake ulikuwa mwingine.

"Ni maji," alisema. "Ni kifuko cha maji tu. Daktari ameniambia nirudi baada ya miezi sita aangalie, basi. Ni maji, wifi." Akamshika mabega yote mawili, hata lile bovu, kwa nguvu mpaka Hamira akauma meno. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. Kisha akasema anatoka nje kidogo apate hewa, akaikimbilia korido kwa hatua ndefu, viatu vikilia, hata mkoba akausahau.

Hamira alibaki kwenye benchi na mkoba mapajani. Pembeni yake alikuwa mwanamke kijana, pengine hajafika thelathini, ameshika karatasi iliyokwisha kulowa jasho la viganja.

"Na wewe unasubiri majibu?" yule mwanamke aliuliza.

"Hapana. Mimi nimemsindikiza mtu."

"Amepata?"

"Hana kitu," Hamira alisema. "Ni wifi yangu. Hana kitu kabisa."

Aliisikia sauti yake mwenyewe, akaisikiliza kwa uangalifu, kama mtu anayegonga chini ya mkate kujua kama umeiva. Ilikuwa na furaha. Ilikuwa ya kweli, hata yeye alishangaa. Haikumpunguzia kitu, upweke ulikuwa pale pale ulipokuwa, lakini furaha nayo ilikuwa pale.

Yule mwanamke alisema hongereni. Kisha akauliza kama kinauma, kile kipimo, na Hamira akamweleza taratibu, mpaka walipomwita.

Wifi alirudi amenawa uso. Alichukua mkoba, akaomba radhi kwa kuusahau, akasimama akizungusha mkanda wake kidoleni.

"Usimwambie mama kwamba tulikuja," alisema. "Wala kaka."

"Sitasema."

"Na wale watu wa damu, wakipiga tena..." Alitafuta namna ya kulisema. "Sijui. Bado sijui, wifi. Naogopa."

"Najua. Wakipiga nitawaambia bado hujajua."

Walitoka. Nje jua lilikuwa kali kweli. Wifi alitangulia, akitembea mwendo wake wa zamani, ule wa mtu ambaye unga umeumuka nyumbani na haumngojei, mikono yote miwili ikirushwa huku na huku. Hamira alifuata kwa mwendo aliobaki nao, mkono wa kushoto ameuegemeza tumboni. Umbali baina yao uliongezeka. Watu wakaingia katikati, mwenye toroli, wanafunzi wawili, mwanamke na mwavuli, na kwa muda Hamira akawa haoni tena ila ile blauzi ya bluu ikipotea na kutokea.

Barabarani, pale pa kuvukia, wifi aligeuza kichwa kusema jambo na akakuta ubavuni mwake hakuna mtu. Alitazama nyuma. Alimwona Hamira mbali, akija. Hakurudi kumfuata, lakini hakuvuka pia. Alisimama palepale juani, magari yakipita, akangoja.